Waya wa Kiti cha Mama

Mpendwa Baba Neema,

Kiti cha magurudumu cha mama yako kilikatika Jumapili, kwenye mteremko wa kutokea kanisani kule Mpitimbi. Hakuumia, watu walimuwahi. Mguu wa mbele uliachia palepale ulipouchomelea. Bomba lenyewe lilikuwa zima.

Nilikumbuka siku ulipoutengeneza, hapa karakanani kwetu Ruhuwiko. Ulitumia waya wa alumini wenye silikoni, kwa sababu unayeyuka vizuri na kiungo hakipati nyufa kinapopoa. Mstari ukatoka laini, unang'aa. "Njoo uone ulivyolala," uliniita. Nami nikasifu, maana sote wawili hatukujua zaidi ya hapo.

Baadaye tukapata waya wenye magnesiamu. Unakumbuka tulivyobana kwenye jiliwa vipande viwili vya bomba, kila kimoja kimeungwa kwa waya wake, ukavigonga kwa nyundo? Cha silikoni kilipasuka kwenye kiungo. Cha magnesiamu kilipinda tu. Uliweka nyundo chini, ukasema, "Kiti cha mama lazima tukirudie." Wiki ileile ukaanza kuumwa, na hukuinuka tena.

Safari hii waya ule wa magnesiamu ulikuwa umeisha, ikabidi niagize Dar. Mdogo wako alikuja juu.

"Shemeji, mama anashinda mkekani na waya unao! Si uunganishe tu?"

"Niliobaki nao ni ule wa silikoni. Ndio uliokatika."

Hakunielewa, akaondoka bila kuaga. Iliniuma, maana mama naye alikuwa anasikia.

Mzigo ulipofika nilisaga kiungo cha zamani chote, nikasugua bomba kwa brashi mpaka likawa jeupe, nikajaribu kwanza kwenye kipande kingine. Kilipinda, hakikupasuka. Ndipo nikachomelea kiti. Mstari wangu una masizi na mabonde, ungenicheka.

Jana mama alikikalia, nikamsukuma hadi kaburini kwako kwa njia ile ya mawe. Mguu haukutikisika. Tulipofika akaniambia, "Mwanangu, hebu sogea kule kidogo, nina maneno na mwenzio."

Nikasimama mbali, nisisikie. Alikaa na wewe muda mrefu. Wakati wa kurudi hakusema mlichoongea, nami sikumuuliza. Ila alinyoosha mkono nyuma, akaushika wangu kwenye mpini, na hakuuachia mpaka nyumbani.

Pumzika. Mama yuko salama.

Mkeo,
Mama Neema