Pombe ya Raymond kwenye bustani ya mashujaa

Nico, basi la Kibondo limeshaondoka Kasulu. Verediana, mjane wa Raymond wetu, yumo ndani, na hakugeuka nyuma hata kidogo.

Si ile bustani ya mashujaa wa Vita vya Kagera imefunguliwa leo? Jina la Raymond liko ukutani. Kaburi lake huko Uganda hakuna aliyewahi kuliona, kwa hiyo mama wa watu kaja na kibuyu cha pombe ya ndizi, amnyweshe mumewe pale kwenye jina, kama sisi Waha tunavyowafanyia wafu wetu.

Ofisa mmoja mwenye tai akamzuia. "Mama, utachafua marumaru! Hapa tunaweka maua ya plastiki tu."

Maua ya plastiki, Nico! PLASTIKI!

Verediana akamtazama kama mtu anayetazama kuku mgonjwa. "Mwanangu, mume wangu hakuwahi kunywa maua."

Akapiga funda moja, akalipuliza lote kwenye jina. Fuuu! Matone mengine yakatua kwenye tai.

"Kunywa, Raymond, ulale."

Ofisa kaenda kubadilisha shati. Mlinzi kapewa ndoo, anasugua ukuta. Verediana kesho yuko shambani kwake Murungu. Raymond kanywa.