Mtundulu, Kucha za Jilala na Chumvi

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Nimechaguliwa! Mimi na Jilala wa darasani kwetu, maonyesho ya sayansi, Shinyanga. Huku kwetu kila kidonda huwekewa mzizi wa mtundulu; Mwalimu Constantine wa baiolojia anataka tupime kama kweli unaua vijidudu. Ukiua, tunakwenda. Na mwelezaji ni mimi. Kwa Kiingereza! Niliitika "yes sir" kwa sauti ndogo hadi akauliza kama nina mafua.

Nataka sana kwenda. Naogopa mdomo wangu tu.

Jumanne, 6 Agosti
Tumechimba mizizi nyuma ya mashamba ya pamba. Malori ya wanunuzi wapya wa pamba yanashindana kwa honi! Tukaichemsha mizizi. Halafu supu ya nyama, chakula cha vijidudu, jikoni kwa Mama Esteria, mpishi wa shule. Tumeigandisha kwenye visahani vya kioo, tukapaka uchafu wa kucha za Jilala (anao wa kutosha). Juu yake kikaratasi kilicholoweshwa: sahani moja mtundulu, nyingine maji matupu. Zote ndani ya boksi lenye kandili, zipate joto.

Alhamisi, 8 Agosti
Sahani ya mtundulu safi kabisa! Jilala akanishika mkono!! Mwalimu akainua ile ya maji. Nayo safi. Akauliza, maji nayo yanaua siku hizi?

Mama Esteria alikuwa dirishani, kafuata sufuria yake. Akasema supu yetu ilikuwa chapwa, akatuonea huruma, akatia chumvi. Kiasi gani, mama? Kama ya shule nzima, mwanangu, mkono umezoea. Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Vijidudu vimekufa kwa chumvi!

Ijumaa, 9 Agosti
Supu mpya. Jilala kalinda sufuria kwa fimbo ya ng'ombe.

Jumatatu, 12 Agosti
Sahani ya maji imejaa utando — uchafu wa kupendeza ajabu! Ya mtundulu ina utando pia, ila kuzunguka kikaratasi pana duara safi. Nilipiga kelele. Mimi! Mama Esteria akaja mbio, akidhani tumeungua.

Kumbe ofisa elimu yupo shuleni. Anakuja kuona. Nimekimbilia stoo ya maabara, naandika juu ya gunia la chokaa. Jilala ananong'ona mlangoni: toka wewe, la sivyo nawaambia zile kucha ni zako.

Hatathubutu.

Viatu vinaingia. Mgeni anauliza duara hili nini. Jilala anaanza Kiingereza chake — vijidudu vimekula karatasi, vikashiba! Hapana. Hapana bwana!

Nimelisema hilo kwa sauti. Mlango umefunguliwa. Wote wananitazama, na mdomo wangu tayari unaeleza, kwa Kiingereza, kwamba duara lile ni —