Ngazi Ipite Wapi

Jumapili, 3 Machi 2002
Nimekohoa tena kabla ya kushuka. Kila siku nakohoa mara mbili, nangoja kidogo, ndo nashuka. Bi Zuhura akinisikia anajitanda kanga kichwani. Ni mke wa ami, ndugu wa babangu. Nyumba yake mwenyewe na hawezi kukaa kichwa wazi kwa sababu yangu mie. Miaka mitatu sasa, tangu nije huku kwa Waingereza. Hajasema neno. Naona tu.

Leo kaja Kantibhai wa mtaa wa Kingsbury, mchora ramani za nyumba. Mzaliwa wa Tanga, maneno hayamwishi. Ami anataka kutoa chumba darini, chini ya paa. Bibi yetu, mamake ami, anakuja kutoka Pemba, atapewa chumba cha Salma na Rahma. Hao binti zake watapanda juu. Changu kidogo cha mbele kinabaki. Nimefurahi. Ndo chumba changu cha kwanza chenye mlango wa kufunga.

Jumanne, 5 Machi
Kantibhai kapanda darini na tepu ya kupimia. Mnene. Nyuma ya tangi la maji hakuweza kupita. Kachungulia na tochi, kaandika. Nimemwona. Hakupima. Kakisia.

Kashuka na vumbi kwenye masharubu. "Ami yako atakaa kama balozi," kaniambia. "Na wewe mrefu, ukipanda inama, usije ukanitobolea paa." Salma kacheka.  

Alhamisi, 7 Machi
Kazini ghalani hawakunipa zamu leo. Nyumba tupu. Nimepanda darini na ufagio. Mie mwembamba, nyuma ya tangi nimepita.

Babangu alikuwa seremala Wete. Akipima kwa shibiri na kwa mti wowote ulio karibu. Skuli niliacha darasa la nne, lakini kupima najua.

Mti wa ufagio unanifika begani. Pale nyuma hausimami. Na ngazi aliyoichora Kantibhai inatokea pale pale. Mtu akimaliza kupanda, boriti inampiga usoni. Hata Rahma, na Rahma mdogo. Nimerudia mara tatu.

Kisha nimetafuta pengine. Nimezunguka dari zima. Ngazi inataka kupanda kuelekea katikati, paa lilipo juu. Pahala pamoja tu. Inaanzia chumbani kwangu, kwenye kitanda.

Ijumaa, 8 Machi
Sikusema. Msikitini nimekaa na ami goti kwa goti. Sikusema. Naogopa. Nikisema, ntakwenda wapi? 

Jumamosi, 9 Machi
Salma kasimama mlangoni mwangu. Kauliza kwa Kingereza, picha zake azitundike ukuta gani huko juu. Ana miaka kumi na mbili. Kwa kawaida haniulizi kitu. Nimemwambia ukuta wa dirisha.

Nimeona haya. Namdanganya mtoto.

Jumatatu ramani inapelekwa kaunsili, serikali ya mtaa, kuombewa ruhusa.

Jumapili, 10 Machi
Nimesema.

Ramani ilikuwa mezani, Kantibhai anakunywa chai. Nimekuja na ufagio.  "Ami, ngazi haitofaa. Nyuma ya tangi paa liko chini." Basi. 

Kantibhai kacheka. "Loo! Na fagio nalo limesomea ujenzi?"

Ami hakucheka. Kapanda mwenyewe, kausimamisha ufagio nilipomwonesha. Haukusimama. Kashuka.

Kantibhai kavua miwani. "Kosa langu, bwana. Tumbo halikunipitisha." Mtu mzima, mbele yangu. Nimemheshimu. Kisha kaishika penseli, kaipitisha juu ya ramani, pole pole, mpaka chumba changu. Ikasimama. Hakuna aliyeniangalia.

"Utalala sebuleni, mwanangu," kasema ami. "Hapana anayekufukuza hapa."

Najua. Lakini sebule yetu na jiko ni pamoja. Nikilala pale, Bi Zuhura atajitanda tangu alfajiri mpaka apande kulala. Alikuwa anaosha vikombe, katupa mgongo. Kikombe kimoja kakiosha muda mrefu.

Jumatano, 13 Machi
Nimemwambia ami ntahamia mtaa wa Kilburn kwa Hamadi, rafiki yangu wa kazini. Ana nafasi ya kitanda.

Ami kakasirika. "Watu watasema nimemtoa mtoto wa ndugu yangu ili nijenge ngazi!" Nimesema mie ndo nataka. Sikusema kwa nini. Ningesemaje?

Bi Zuhura kajua. Kwenye sahani yangu kaweka mapaja mawili ya kuku. Ami kapata shingo. Kaiangalia, kaniangalia, kala.

Jumapili, 19 Mei
Kaunsili walishakubali. Mafundi wanaanza kesho. Kantibhai kaja na penseli yake, kachora mstari ukutani kwangu, unapanda. Umepita juu ya mto wangu wa kulalia. Kanipa tepu yake ya zamani. "Chukua. Fagio mwachie mama wa nyumba."

Nguo zangu zimejaa begi moja. Nilidhani ni nyingi.

Jumatatu, 20 Mei
Asubuhi. Kitanda kishatolewa. Nimekaa chini, mgongo ukutani. Chumba kimekuwa kikubwa.

Bi Zuhura kaja mpaka mlangoni na bakuli la mandazi, kalifunga kwa kitambaa. "Ijumaa uje kula," kasema. "Na kohoa huko huko nje, n'jue ni wewe, nikupakulie mapema." Kanga iko kichwani. Nimesema inshallah. Baadaye, akishuka, nimechungulia. Alikuwa anaitoa kanga, anaikunja, anaiweka begani.

Nasikia buti za mafundi. Inanibidi niondoke sasa. Ngazi inaanzia hapa nilipokaa.