Kambare wa Baray na Turubai la Vitunguu

Dada Hamisa mpendwa, nisaidie maana moyo hautulii. Mimi nimezaliwa Baray, upande wa Ziwa Eyasi, na marehemu mama yangu alikuwa akikausha kambare juu ya kichanja cha miti, moshi wa taratibu siku mbili nzima, mpaka leo nikisikia harufu ile machozi yananitoka, lakini nilipoolewa huku Karatu nikakuta ukweni hawali samaki, wanasema ni nyoka wa maji, basi nikaacha, miaka thelathini, hadi Lusia, mke wa mwanangu, alipopata mimba na kliniki wakamwambia damu yake ni kidogo, akaniambia, “Mama, si unipikie wale kambare unaotusimulia kila siku,” nami kwa furaha nikaagiza wabichi Baray, nikawaanika uani juu ya turubai, nikampikia wiki mbili mfululizo, akawa anafyonza hadi mifupa, tunacheka kama nilivyokuwa nikicheka na mama.

Juzi mume wangu Clemensi akauliza turubai lake liko wapi, lile analochanganyia dawa ya kupulizia vitunguu. Dada, ndilo hilo nililoanikia kambare. Waliobaki nimewaosha kwa maji ya moto mara tatu. Lusia anajisikia vizuri, mimba ina miezi mitano. Nikimwambia, hatakula tena mkononi mwangu, na ukweni watasema walijua tu. Nifanyeje?

Dorkasi, Karatu

Dorkasi, pole sana, na hiyo pole ishike vizuri, maana yanayofuata ni makaripio. Umewaosha mara tatu ili iweje? Dawa ya shambani ikishamwingia samaki haitoki kwa maji ya moto. Wafukie wote, usiwape kuku wala paka, na turubai hilo lisionekane tena karibu na chakula. Mwambie Lusia leo hii, kisha nenda naye kliniki ukiwa na kopo la dawa, wahudumu wasome jina la dawa hiyo. Kujisikia vizuri si kipimo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Kambare mwenyewe hana kosa. Ana protini na mafuta yanayomfaa mtoto aliye tumboni, na wakwe wacheke watakavyo. Kliniki wakiruhusu, agiza wengine, wadogo wadogo, kwani samaki mkubwa aliyekaa majini miaka mingi hukusanya sumu zaidi. Na vidonge vya damu Lusia asiviache.

Nami nimekulia nyumba yenye kichanja, naijua harufu unayoililia. Ila wewe ulikumbuka harufu ukasahau miti. Mama yako hakuwainua samaki wake juu bure. Clemensi akukatie miti minne. Na Lusia akikataa kula mkononi mwako usinune, mwite kichanjani, awakaushe kwa mkono wake, nawe umwonyeshe alivyofanya mama yako.