Karatasi ya Ishirini

Kasongo,
9 Mfunguo Tano, 1313

Mpendwa ndugu yangu Sumaili,

Salamu nyingi, na baada ya salamu nakuuliza afya yako, ya mkeo Feza na ya wote ulio nao huko Ujiji. Sisi hapa ni wazima, isipokuwa mmoja. Mwanao Hawa amefariki kwa ndui, leo siku ya kumi na tatu. Tumemzika karibu na kaburi la baba yetu. Mungu amrehemu, nawe akupe moyo wa kustahimili.

Nakueleza yote, maana najua utatafuta wa kumlaumu.

Katika barua yako ya mwisho ulinicheka kwa kuwa nazunguka nikiomba karatasi kuukuu za watoto. Wewe hukuona chuo cha Kurani cha baba kilivyoungua wakati wa vita. Kilichobaki ni zile karatasi za hitima alizompa kila mtoto aliyemaliza msahafu: jina lake, jina la mzazi, aya chini yake, na pambo jekundu pembeni. Moja niliikuta imeshonwa ndani ya hirizi. Nyingine niliifuata mpaka Lusangi, imefunika chungu cha chumvi. Wengi wa watoto wale hawapo tena, na majina yao hayakuandikwa popote pengine. Nilipata kumi na tisa, nikaziweka katika sanduku la baba.

Ya ishirini ilikuwa yako. Ilikuwa Nyangwe, kwa mke wa mvushaji, kwa sababu siku uliyokimbia vita uliitoa iwe nauli ya mtumbwi. Hawa ulimwacha kwa mama yetu, ukasema utamrudia baada ya mwezi. Huu ni mwaka wa tatu.

Nilipoondoka kuifuata, mtoto alikuwa na homa kidogo tu. Nilimbembeleza yule mwanamke siku nne, mwishowe nikampa kanzu yangu ya Idi. Niliporudi nilikuta karatasi kumi na tisa zimeanikwa uani, nyeupe. Mama aliziosha zote akafanya kombe, akamnywesha Hawa maji yake, kwa kuwa hajui aya zenye baraka kuliko za mkono wa baba. Wino wa masizi waujua, hutoka kwa maji matupu, hauhitaji hata kusuguliwa.

Nilimfokea mama mbele ya mgonjwa. Yeye akanyoosha mkono, akaniomba ile niliyokuja nayo. Nikakataa. Nilisema hii ndiyo ya mwisho, nikaitia kifuani na kutoka nje. Hawa alikata roho alfajiri.

Mama aliniambia neno moja, na tangu hapo hasemi nami: "Ile ya baba yake ndiyo ingeponyesha mutoto, na wewe uliificha."

Mimi sijui kama ingemponya. Najua tu kwamba nilikuwa nayo. Nina uchungu na wewe uliyeitoa kwa ajili ya mtumbwi, na nina uchungu zaidi na mimi niliyeitunza.

Mke wangu Aziza anakusalimu. Wasalimie Feza na shemeji Lukumani. Mama hakuagiza salamu kwa yeyote. Mungu akulinde ulipo, na akurudishe ukiwa na macho ya kututazama.

Faradji anayeleta barua hii anayo pia karatasi yako, nzima, wino wake wote. Nilimnyima mwanao. Ichukue wewe.

Wako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Yakubu