Talakini Chini ya Ndege

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Nilizoea kukuamkia nikiwa bado nje, kisha nisubiri marahaba yako ya taratibu, ya mtu mwenye kibano mkononi na lenzi jichoni. Leo nakuamkia gazetini, mbele ya kila mtu, kwa kuwa kosa nililifanya gazetini.

Unaikumbuka ile makala yangu ya uwanja mpya wa ndege. Niliandika kwamba Tabora, mji uliopokea misafara iliyotembea kwa miguu kutoka pwani, sasa unastahili kufikiwa kutoka angani. Waliouliza habari za kelele niliwaita waoga wa maendeleo. Nikamalizia hivi, na naikumbuka neno kwa neno: "Sisi wakazi tunaisubiri kelele hiyo kwa hamu." Sisi! Sikuwa nimemuuliza hata mmoja.

Uliisoma barazani, ukaikunja, ukaiweka chini ya sanduku la vipuri vya saa. Kisha uwanja ukafunguliwa, na njia ya kupaa ikapita juu ya mtaa wetu na juu ya makaburi yaliyo nyuma yake.

Wewe ulitengeneza saa kwa sikio. Uliisogeza saa sikioni ukajua kama tatizo ni springi au ni uchafu, kabla hujaifungua. Sasa ndege ikipita uliishusha, ukatazama juu mpaka mabati yaache kutetemeka, ukaanza upya. Siku moja nilikukuta umeishusha mara ya tatu, saa ile ile. Nikajitetea kabla hujanilaumu, nikasema watu watazoea.

"Ile uliiandika kabla hujaisikia kelele," ukaniambia. "Sasa umeisikia. Andika nyingine."

Sikuandika. Mimi ninayewasema wakubwa kila wiki bila kupepesa macho nilishindwa kusema nimekosea, katika mji ambao kila muuza kahawa ananijua kwa jina. Nilikuahidi kwamba Ramadhani haitaisha kabla sijaandika. Ukafa Shaabani.

Tulikuzika baada ya Alasiri. Maalim Hamisi, rafiki yako wa miaka yote, alikaa upande wa kichwa chako akaanza talakini. Alikuita kwa jina lako na la mama yako, ili akukumbushe utakachojibu utakapoulizwa na malaika Mola wako ni nani. Alipofika hapo, ndege ikapaa. Nikaona midomo yake inacheza tu. Akanyamaza, akasubiri, akaanza tena, na nyingine ikafuata. Watu wakaanza kubishana pale pale kaburini. Mmoja akasema imeshasomwa, inatosha. Mwingine akasema kilichosomwa hakikusikika. Maalim, mzee wa watu, akachoka. Akaimaliza chini ya mngurumo ule ule, haraka haraka, tukaitikia amina kwa kufuata mikono yake.

Tangu siku hiyo mtaa wetu unazika kwa ratiba ya ndege. Msiba ukitokea, mtu hutumwa kuulizia saa za safari kabla ya kutafutwa wachimba kaburi. Na ndege zenyewe huchelewa, Baba, kwa hiyo maiti naye hungojeshwa.

Wiki iliyopita tulikutana na ofisa wa mradi wa uwanja katika darasa la shule. Ombi letu lilikuwa moja tu: upepo ukiruhusu, ndege zipae kuelekea msituni. Alitusikiliza kwa adabu, akafungua faili, akatoa makala yangu. Akaisoma yote. Alipofika "Sisi wakazi" akavua miwani, akasema wakazi walishatoa maoni yao.

Jirani yako Bi Mwajuma, yule wa maandazi, akageuka kwenye dawati.

"Haya, bwana mkubwa, simama. Tulikutuma lini?"

Watu wakacheka, kicheko cha kunisuta. Nikasimama, nikasema sikutumwa na mtu. Ofisa akajibu kwamba maneno ya mdomo hayaingii kwenye faili.

Basi nayaweka kwa maandishi. Hakuna mkazi aliyenituma. Niliwasemea watu jambo wasilolisema, kisha nikaona aibu kulirudisha, na aibu yangu ikageuzwa kuwa ridhaa yao. Naifuta makala ile yote. Lakini ofisa naye asijifiche nyuma yangu. Mtu mmoja mwenye majivuno si mtaa. Waliochora njia ile waliyaona makaburi kwenye ramani. Walijua kwamba wafu hawalalamiki, na kwamba walio hai wameshapata mwandishi wa kuwamaliza.

Kesho naipeleka barua hii kwa ofisa, mimi mwenyewe. Huenda ikaingia kwenye faili na njia ikabaki pale pale. Bi Mwajuma ameshaniambia nisingoje shukrani kwake, na singoji.

Nilimwendea Maalim nikamuuliza kama ulisikia. Akasema aliyezikwa husikia hata nyayo za wanaoondoka, nisijitese. Ningependa kumwamini. Lakini mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, mzima, masikio yote mawili yanafanya kazi, na jibu ulilokuwa unakumbushwa sikulisikia.

Buriani, Baba. Uniwie radhi.

Mwanao wa kwanza