Foronya za Sebuleni

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya kwanza ukweni. Mama mkwe bado haniiti jina wala mwanangu. Mimi ni "huyu". Mwambieni huyu chai imepoa – na huyu yuko hapo hapo, birika mkononi! Mume wangu anasema nimpe muda. Nampa. Sina kingine cha kumpa.

Alhamisi, 6 Machi
Baba mkwe ni mwalimu, na Jumamosi mkuu wake wa shule anakuja na mkewe. Nimeagizwa: mito ya makochi ivalishwe foronya mpya. Foronya? Kwetu foronya ni ya mto wa kulalia, ya kochi ni kava. Ila bibi harusi hamsahihishi mama mkwe Kiswahili. Foronya mpya ninazo, nilizidarizi mwenyewe kwa ajili ya kitanda chetu. Haya, agizo ni agizo.

Jumamosi, 8 Machi
Aibu yangu!

Mkuu wa shule kaegemea "Sogea karibu, mpenzi", kwa uzi mwekundu. Mkewe kaangukia "Usiku ni wetu", akaisoma kwa sauti, taratibu, kama tangazo. Mama mkwe akamimina chai hadi ikafurika sahanini. Kumbe kava zake ziko kabatini, zimepigwa pasi. Hizo ndizo yeye anazoita foronya.

Baba mkwe – mwalimu hata usingizini – akageuza fedheha kuwa somo. Foronya ni neno la Kireno, akasema, lilikuja zamani kama lilivyokuja meza. "Wenyewe wakaondoka bila kutuambia ni mto upi."

Wageni wakacheka. Mama mkwe hakucheka. Nimelia bafuni, bomba wazi ili nisisikike. Nimejiharibia.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya chakula Baba mkwe kalala, na mlangoni kwangu hodi. Mama mkwe! Ana kitambaa cheupe na mkebe wa nyuzi. Kaketi ukingoni mwa kitanda. Anataka foronya. Za kulalia.

"Zetu hazijawahi kuandikwa kitu," akasema. "Miaka yote hii."

Nikamuuliza niandike nini. Akatazama mlango, kisha mimi.

"Mwanangu, wewe huwa unaanzaje?"

Moyo ulinipasuka kwa furaha, nikajitia kutafuta sindano. Nikapendekeza "mpenzi". Hapana – Baba atadhani foronya ni ya mtu mwingine. Basi, nikasema, Mama huwa unamwitaje mkiwa wawili?

Akasema ngoja akalete miwani.

Uzi nimeshatunga. Hajarudi.